Noti ya dola 20

Leo asubuhi nilikwenda soko la Virunga, hapa Goma, kununua maharagwe na makaa.

Tangu benki zifungwe mwishoni mwa Januari 2025, noti zilezile zimekuwa zikizunguka mikononi mwetu na kuchakaa, na sote tunajua kwamba dola yenye mpasuko, hata uwe mdogo kama punje ya mchele, haipokelewi.

Mama ambaye nimenunua kwake miaka mingi, na ambaye alikesha nasi kwenye matanga ya baba yangu, aliipokea noti yangu ya dola 20, akaiinua juani, akapitisha ukucha pembeni mwake, kisha akamwita jirani yake aitazame pia.

Muda wote huo hakunitazama usoni.

Nilikasirika, nakiri. Lakini aliponirudishia faranga, nilijikuta nikizihesabu mara mbili mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, naye akavitazama vidole vyangu mpaka nilipomaliza.

Tuliagana kwa "asante, mama" na "asante, baba", kama kawaida.

Ndugu zangu, ninyi mnalipana namna gani siku hizi na watu mliozoeana nao?