Leo unaongea vizuri

Harusi ya Rehema ilipita salama, shosho amesharudi Murang'a, na bosi wetu kafutwa kazi. Hayo nitayaandika siku nyingine. Kuna jambo la mwanangu Kevo, la Jumanne usiku, limeniganda.

Stima zilipotea mtaa mzima. Mnaijua ploti yetu: kinyozi wa chini na spika lake, runinga ya jirani, honi za matatu stejini. Vyote vikanyamaza kwa mpigo. Nikamwambia Kevo avue soksi, azitie kwenye karai, kisha aniletee mshumaa ulio juu ya kabati. Akafanya yote, kwa mpangilio, gizani. Halafu:

"Mama, leo unaongea vizuri."

"Kwani siku zingine naongea vipi?"

"Kama redio haijashika stesheni."

Tangu siku hiyo nayarudia maneno hayo hata nikikoroga uji. Leo unaongea vizuri. Yaani kwake yeye, wenye kasoro ni sisi! Na masikio yake kweli ni mazima; ubongo wake ndio hupata shida kuchambua sauti, hasa penye kelele. Kile kipimo cha milio alikipita bila shida. Ndiyo maana tuliambiwa tungoje afike miaka 7, kwa kuwa vipimo vya namna ubongo unavyochambua sauti humshinda mtoto mdogo, majibu yakawa hayaaminiki. Mwezi jana ndipo akapimwa hivyo, akavalishwa hedifoni: neno moja kulia, jingine kushoto, kwa wakati mmoja, ayataje yote mawili. Kisha maneno yaliyochanganywa na kelele. Hapo "pata" ikawa "bata".

Nilitembea na furaha hiyo hadi Alhamisi, mwalimu alipoandika kwenye diari: "Husikia anapotaka."

Anapotaka! Darasa la mabati, ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea vyuma, na maagizo manne kwa pumzi moja. Nilichoomba ni dawati la mbele, agizo moja moja, na kazi iandikwe ubaoni. Chaki tu. Sijagusia hata kile kifaa ambacho mwalimu huvaa maikrofoni, sauti yake ikamfikia mtoto moja kwa moja sikioni. Bei yake naogopa kuuliza. Jumatatu naenda na ripoti ya mtaalamu mkononi, na Baba Kevo anakuja, maana mimi nikikasirika huanza kulia.

Halafu kinyozi ananiambia landilodi anauza ploti. Kuna aliyeambiwa, ama ni udaku wake tu?