Ninavyoogelea Raskazone mwaka mzima, kipupwe mpaka kaskazi

Kila ikifika Juni naambiwa maneno yale yale: dada, maji hayo ni baridi, utapata nimonia. Ikifika Machi wananigeukia: joto lote hili, si uende baharini upoe? Ushauri huo umewafukuza wengi majini bure. Mimi goti la kulia lilichakaa mpaka kupanda daladala ikawa mtihani, daktari akasema niogelee, na tangu hapo naingia baharini ufukwe wa Raskazone, hapa Tanga, miezi yote. Leo napanda ngazi za ghorofa bila kushika ukuta. Najivunia, wala sifichi.

Simu haikunisaidia. Ile joto ya bahari inayoandikwa kwenye simu ni ya uso wa maji ya nje, penye kina kirefu. Mimi naogelea maji ya kifuani, na hayo yana mambo yake. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikanunua kipimajoto wanachotumia wafuga vifaranga, elfu kumi na kidogo. Mara ya kwanza nilikichovya kwa mkono na kukitoa, nikaona namba hazieleweki: ukikitoa tu kwenye upepo wa kusi kinashuka kabla hujakisoma. Basi nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, nikapasha msumari moto, nikatoboa matundu upande wa juu tu. Chini nikatia kokoto, kipimajoto nikakifunga ndani kisimame wima, shingoni nikafunga mshipi wa kuvulia samaki. Chupa inazama, inajaa, naiacha kwa muda wa kusoma Yasini, navuta. Inakuja na maji yake mwenyewe, na namba haiyumbi. Kuna fundi mmoja wa boti aliniiga siku ile ile.

Agosti alfajiri nikapata nyuzi 25. Wiki hiyo hiyo, pale pale, saa kumi jioni nikapata 28. Machi asubuhi 30, na jioni kwenye mchanga 32. Maji ya nyuzi 32 hayampoozi sana mtu, ni chai iliyosahaulika mezani. Unaogelea huku unatoka jasho na hulioni, kichwa kinaanza kuuma. Kwa hiyo mwezi wa kuchunga jua na kunywa maji kwa wingi ni Machi kuliko Agosti.

Ila lile la Agosti lilinisumbua. Nyuzi tatu kwa siku moja zinatoka wapi? Nikamfuata mjomba mmoja mvuvi kule Sahare, alikuwa anashona nyavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Goti?"

Nikamweleza habari za chupa. Hakucheka. Akaniuliza, "Siku hiyo ilikuwa mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya Agosti. "Hiyo ya ofisini. Mwezi wa mbinguni ulikuwa ngapi?" Tukahesabu, ikawa mwezi 15.

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na huku Tanga siku za bamvua maji hujaa kuanzia saa kumi kwenda saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Maana yake hupwa saa nne, saa tano za asubuhi. Kina kinashuka zaidi ya mita tatu, mchanga na matope yanabaki wazi, jua la mchana linavichoma. Maji yanaporudi yanapita juu ya mchanga ule wa moto, na yanafika kwako yameshapashwa. Kwenye maji mafu, kama mwezi 7 au 22, hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukiijua tarehe ya mwezi mwandamo unaweza kukadiria hata bila jedwali.

Basi mimi kipupwe naogelea jioni za bamvua, naingia saa tisa, maji yakiwa bado yanapanda. Kaskazi, hasa Februari na Machi, natafuta mwezi 3 na 4, au 17 na 18, maana siku hizo yanajaa saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, kabla jua halijayaharibu. Na kuhusu nimonia: huletwa na vijidudu, baridi ya nyuzi 25 yenyewe si kijidudu. Ukitetemeka toka, jifunge kanga kavu, kunywa tangawizi.

Sasa huo ushauri mwingine, huu ndio uliotaka kuniua. Kijana mmoja mwenye misuli, anaheshimika pale ufukweni, aliniambia maji yakitoka ndiyo matamu, yanakubeba, goti halichoki. Yalinibeba kweli. Ufuko wetu unatazama kaskazini, kwa hiyo kusi inavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ukiwa pwani unaona bahari imelala kama haina upepo, kumbe upepo na mkondo vyote viwili vinakusukuma upande mmoja. Nilipiga mikono kurudi, nikatazama mnazi niliouweka alama, ukawa unazidi kuwa mdogo. Kisiwa cha Toten nikakiona kwa upande ambao sijawahi kukiona. Nikaacha kupigana na maji, nikajilaza chali nikaanza kukata kwa ubavu kuelekea rasi, mpaka ngalawa iliyokuwa inarudi na samaki aina ya changu ikaniona. Mzee mwenye ngalawa alinivuta kwa fulana, akanipa kopo la kukumbia maji, tukaja tunakumba hadi pwani. Hakuchukua hata senti.

Tangu hapo siingii maji yakipwa, na sitoki bila dumu. Dumu tupu la mafuta la lita tano, la njano, kifuniko kimekazwa, kamba ya mita moja na nusu kiunoni. Wenye boti wananiona toka mbali, na nikichoka nalikumbatia. Ni la bure, omba kwa muuza chipsi.

Kaskazi ikivuma, mawimbi yanakuja moja kwa moja usoni na konyeza, wale viumbe laini kama ute wanaowasha, wanaletwa nayo. Wakikuwasha usijisugue mchanga, ndiyo unawafyatua zaidi. Mwaga maji ya bahari, siyo ya bomba, kisha loweka mahali hapo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Masika mito ya Zigi na Mkulumuzi inatapika tope na mitaro ya mji inamwaga uchafu wake, mimi hungoja siku mbili tatu maji yarudi rangi. Maleleji ya Novemba, upepo ukiwa umekufa, ndiyo siku nzuri kuliko zote: unaona vidole vya miguu yako chini.

Na viatu, tafadhali. Vile vya plastiki vya elfu tatu nne vinatosha kuzuia miiba. Chini kwenye mchanga usinyanyue miguu, iburuze, samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe.