Kijiko kimoja cha damu

Wiki ya 20 ultrasaundi ilionyesha kondo la nyuma limekaa juu, mbali na mlango wa kizazi. Nikatoka pale natabasamu. Nilichokuwa nakiogopa ni kondo kutangulia, lile linaloziba njia na kutoa damu nyekundu mbichi bila maumivu yoyote. Nikaona mambo ya damu basi tena, si yangu.

Wiki ya 30, usiku, mgongo ukaanza kuniuma kwa chini. Chooni nikaona damu ya rangi ya kahawa, haizidi kijiko cha chakula. Nikapiga simu nilikokuwa nahudhuria kliniki, nikajibiwa nipumzike, damu kidogo hutokea. Nikalala saa mbili nzima. Hizo saa mbili bado nazikumbuka vibaya.

Kilichonitoa kitandani si damu, maana haikuongezeka. Ni tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao na halilegei. Uchungu wa kawaida unakuja, unaachia. Huu haukuwa na mapumziko.

Hospitali daktari aliweka kiganja juu ya tumbo akakiacha hapo, kimya, macho kwenye saa ya ukutani. Presha yangu ilikuwa 158 kwa 104. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, naye hakushangaa. "Mama, kondo limeanza kubanduka. Damu imejifungia nyuma yake, unayoiona wewe ni iliyopata njia tu." Kipimo kikiwa safi, alisema, hakimaanishi kondo halijabanduka.

Halafu akanieleza jambo nililokuwa nalielewa kinyume. Mimi nilidhani uchungu wa mapema ndio unaoleta damu. Kumbe damu nayo inaleta uchungu: inapoganda hutengeneza thrombini, kemikali ya kugandisha damu, na hiyo thrombini huuchokoza mfuko wa uzazi ukaze, tena hudhoofisha utando unaoshika maji. Ndiyo maana kuna mimba zinazovuja damu wiki nyingi, mwisho wake chupa inapasuka kabla ya wakati.

Nilichomwa sindano ya kwanza ya kukomaza mapafu ya mtoto. Ya pili ilikuwa nichomwe baada ya saa 24. Nikawekewa na dripu ya magnesiamu, ya kumlinda mtoto ubongo. Saa ya tisa tangu sindano, mapigo ya moyo wake yakashuka, nikakimbizwa upasuaji. Sindano ya pili sikuipata.

Gramu 1,380. Kila akivuta pumzi mbavu zilikuwa zinaingia ndani, kwa sababu mapafu yalikuwa hayajapata ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane. Akawekewa mashine ya kusukuma hewa puani. Walimpima ubongo kupitia utosini kuangalia kama umevuja damu. Nilisubiri majibu huku nimeshika soksi yake, ndogo kuliko kidole gumba changu. Haukuvuja. Alikuwa anasahau kupumua, basi akapewa kafeini. Ndiyo, ileile ya kwenye kahawa, niliyojinyima miezi yote ile kwa ajili yake.

Sasa ana miezi 14. Daktari anamhesabia 12, kuanzia tarehe aliyotakiwa azaliwe. Bado hatembei, anajikokota kwa makalio hadi mlangoni. Nami kwenye kadi yangu nimeandika mwenyewe kwa wino mwekundu, ukurasa wa kwanza: kondo lilibanduka, wiki ya 30. Nikipata mimba nyingine, hilo ndilo nitakalolisema kabla hata sijaulizwa jina.