Nilivyojifunza kufuatilia moshi na vumbi kwa picha za setilaiti

Mwanangu ana pumu, kwa hiyo kwangu moshi wa moto wa msituni ni kitu cha kuamua leo anacheza nje au anabaki ndani. Zamani nilikuwa nasubiri mpaka nisikie harufu, na ukishaisikia ushachelewa, kifua kishaanza kubana. Ndo nikaanza kufungua Worldview ya NASA kila siku, tovuti inayoonyesha picha za setilaiti za dunia nzima, ni bure na hata kwenye simu inafunguka.

Siku za kwanza nilipotea sana. Niliona utepe mpana wa kijivu baharini nikaanza kuwapigia simu ndugu kwamba moshi unakuja, kumbe ni mng'ao wa jua kwenye maji tu, ukiangalia dunia nzima siku hiyo hiyo unakuta mistari kama ule imejipanga kwenye kila bahari karibu na ikweta.

Kilichonisaidia ni kurudisha tarehe nyuma na kujifunzia kwenye matukio makubwa. Weka 7 Juni 2023 uangalie kaskazini mashariki mwa Marekani, siku ambayo anga la New York liligeuka rangi ya chungwa. Mawingu utayaona meupe pe, kingo zake zinaonekana vizuri, ila moshi una ukahawia na umefifia pembeni kama kitambaa chepesi, ardhi inaonekana kwa chini. Sasa rudi siku moja moja nyuma huku umewasha leya ya moto (tabaka la taarifa linalowekwa juu ya picha, linaonyesha sehemu zenye moto kwa nukta nyekundu), unaufuata mpaka unafika Quebec, Kanada, kwenye nukta zenyewe. Wingu halina nukta kama hizo lilikotokea, moshi una kwao.

Hizo nukta nazo usizichukulie juu juu. Za VIIRS, kifaa cha kupiga picha kilicho kwenye setilaiti, kila moja ni pikseli ya mita 375 iliyoonekana ina joto, haimaanishi eneo lote hilo linaungua, na gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta au volkano inaweza kutoa nukta vile vile, halafu moto ulio chini ya wingu zito hauonekani kabisa.

Vumbi lilinitesa zaidi. Lile la Sahara la Juni 2020 lililovuka Atlantiki mpaka Karibi utaliona vizuri likiwa juu ya maji, rangi ya mchanga kwenye bluu, lakini ukilitafuta lilikoanzia halionekani, mchanga juu ya mchanga utatofautisha nini? Hapo nikahamia kwenye picha za vumbi za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, zinatengenezwa kwa miale ya infraredi na vumbi linatoka pinki iliyokolea hata juu ya jangwa, tena mpaka usiku. Ukiziunganisha ziwe kama video unaona kabisa vumbi linanyanyuka wapi na upepo unalipeleka wapi, mimi hizo ndo nazipenda kuliko zote.

Kosa lililoniumiza ni hili. Kuna leya inayopima chembechembe zimezuia mwanga kiasi gani, ikiwa chini ya 0.1 anga ni safi, ikifika 1 na kuendelea hali ni mbaya. Siku moja nikaangalia eneo letu nikakuta patupu, hakuna rangi yoyote, nikajua ni salama nikamruhusu mtoto atoke. Jioni alikuwa anakohoa mpaka tukatumia dawa ya kuvuta. Nilivyorudi kuangalia picha ya kawaida pale patupu palikuwa na moshi mzito mno, programu inayochambua ilidhani ni wingu ikaparuka. Yaani patupu sio sifuri, ni hapajapimwa! Tangu siku hiyo leya hiyo siiangalii peke yake, naiweka sambamba na picha ya kawaida na ile faharasa ya airosoli, yaani kipimo cha chembechembe za angani kinachotumia miale ya urujuanimno, yenyewe inakamata moshi na vumbi hata juu ya mawingu.

Ila na faharasa hiyo ina udhaifu wake, moshi ukiwa juu sana inauona vizuri, ukiwa umelala chini karibu na ardhi inauona kwa shida, na huo wa chini ndo tunaouvuta. Setilaiti inaangalia kutoka juu, inakuonyesha hewa yote mpaka chini kwa pamoja, kwa hiyo unaweza kuona moshi umefunika eneo lako lote na puani hakuna kitu, umepita kilomita kadhaa juu. Kwa hiyo cha mwisho kabla sijaamua ni kipimo cha PM2.5, zile chembechembe ndogo sana zinazoingia mpaka mapafuni, cha kituo cha ardhini kilicho karibu.

Siku hizi asubuhi naangalia nukta na upepo, mchana picha mpya zikiingia naangalia moshi umesogea kiasi gani, kama unaelekea kwetu madirisha yanafungwa kabla haujafika. Mwanangu mwenyewe kashazoea, akirudi tu anauliza, leo nukta ziko wapi?