Theluji ya dhoruba ya pwani: ramani ya sentimita iache mwisho

Dhoruba ya baridi inapopanda pwani ya mashariki ya Marekani, wengi hukimbilia ramani ya rangi inayotabiri sentimita za theluji. Anza na njia ya kitovu cha dhoruba. Alama inayotumika ni nyuzi 40 kaskazini, 70 magharibi, kusini mwa kisiwa cha Nantucket. Kikipita karibu na hapo, mji wa Boston hukaa pazuri kupata theluji. Kikiambaa na pwani, upepo wa mashariki huingiza joto la bahari na mji huishia kupata mvua. Kikienda mbali baharini, sahau.

Kisha joto, tabaka kwa tabaka. Watu huangalia tabaka la hektopaskali 850 (kipimo cha shinikizo la hewa), kama mita 1,500 juu, wakiona chini ya sifuri wanashangilia. Mapema mno! Safu nyembamba ya joto huweza kujificha juu yake, kwenye 750 hivi. Theluji ikiyeyuka humo, hufika chini ikiwa chembe za barafu au mvua inayoganda.

Sasa hesabu. Milimita 20 za maji kwa uwiano wa 10 kwa 1 (kina cha theluji kwa kina cha maji) ni sentimita 20 za theluji. Lakini theluji ya majimaji kando ya bahari yaweza kuwa 6 kwa 1, yaani sentimita 12. Bara penye baridi kali, 15 kwa 1 hutoa 30. Ramani nyingi hung'ang'ania 10 kwa 1, na baadhi huhesabu hata chembe za barafu kuwa theluji, ndiyo maana zinatia chumvi. Zikiwa zimebaki siku 4 kabla ya dhoruba, mimi singetaja sentimita kabisa.