Kumbukumbu ya mradi: "Hole in the Wall", kutoka jukwaani hadi sakafu ya dansi

Chimbuko

Muziki huu haukuzaliwa kijijini. Henry Purcell aliutunga mwaka 1695 kwa ajili ya tamthilia ya Aphra Behn, *Abdelazer*, iliyorudishwa jukwaani London. Yeye mwenyewe alifariki Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1697 mjane wake, Frances, akachapisha mkusanyo wa muziki wake wa maigizo. Mwaka 1698 honpaipu (aina ya muziki wa dansi) moja ya tamthilia hiyo ikaonekana kama dansi ya mistari iitwayo "Hole in the Wall" katika *The Dancing Master*, kitabu cha dansi kilichoanzishwa na John Playford mwaka 1651 na wakati huo kikiwa mikononi mwa mwanawe Henry. Kitabu hicho kwa desturi hakitaji watunzi, ndiyo maana wapigaji wengi huudhani kuwa wa asili isiyojulikana.

Ukitafuta neno "honpaipu" peke yake utaletewa ile ya mabaharia, ya mapigo manne, ambayo ni ya baadaye. Hii ni ya 3/2, yaani noti nusu tatu kwa kila kipimo.

Nota kwenye kompyuta

Zimeandikwa kwa ABC, mfumo wa kuandika muziki kwa herufi za kawaida: `M:3/2` (kipimo), `L:1/8` (urefu wa noti ya msingi), ufunguo wa G ili fidla na akodioni zisihangaike. Sehemu A ina vipimo 4, B vipimo 4, kila moja hurudiwa: jumla 16. Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kasi, yaani mstari wa `Q`, unaotaja mapigo kwa dakika. `Q:1/4=96` inahesabu noti robo, hivyo mzunguko ukachukua dakika nzima na ukasikika kama muziki wa maziko. Sahihi ni `Q:1/2=96`: vipimo 16 mara noti nusu 3 ni mapigo 48, yaani sekunde 30.

Jaribio la kuuandika kwa 3/4 limeachwa. Hesabu inakubali, lakini mpigaji akiona 3/4 anakandamiza pigo la kwanza na kuyapuuza mawili, na wachezaji wanaanza kuyumba kama walio kwenye waltz. Kila noti nusu ni hatua moja ya mguu, na zote tatu zinahitaji uzito.

Hatua

Mistari miwili inatazamana. Jozi mbili mbili hufanya kundi; ya 1 ndiyo iliyo karibu na wapigaji. Kupanda ni kuwaelekea wapigaji, kushuka ni kuwaacha.

A ya kwanza: jozi ya 1 inageukia nje, inashuka nyuma ya jozi ya 2, kisha inashikana mikono na kupanda katikati hadi mahali pake. A ya pili: jozi ya 2 inafanya vivyo hivyo, ila inapanda kwa nje na kushuka katikati. Kila safari ina hatua 12, sita za kwenda na sita za kurudi. Anayetanua duara mno huchelewa, na hapo ndipo dansi nyingi huharibika.

B ya kwanza: mwanamume wa 1 na mwanamke wa 2 wanabadilishana pembe kwa hatua 6, kisha wale wengine wawili. B ya pili: wote wanne wanashikana mikono na kuzunguka kushoto *nusu* tu (hatua 6), halafu jozi ya 1 inashuka kwa nje na ya 2 inapanda katikati. Baada ya pembe zote kubadilishana kila mtu yuko upande usio wake. Nusu duara ndiyo inayowarudisha. Wakizunguka lote, wanabaki upande wa wenzao na mzunguko unaofuata unavurugika.

Kwa jozi 6 inahitajika mizunguko 12 ili kila jozi irudi ilipoanzia ikiwa tayari kuanza tena: dakika 6. Jozi inayofika mwisho wa mstari hupumzika mzunguko mmoja, na isipokumbushwa huanza kucheza na hewa.

Iliyobaki

*The Dancing Master* inatoa sauti ya juu tu. Purcell aliandika sauti nne za nyuzi. Besi inaongezwa kwanza, kwa sello, kwa sababu bila yake wachezaji wanapotea kwenye kipimo cha tatu cha B.