Uzoefu wangu: nilichokichunguza kabla ya kusaini mkataba wa franchaizi

Leo naendesha duka lenye jina la kampuni ya mtu mwingine, na duka linajiendesha vizuri. Kazi kubwa niliifanya kabla ya kulifungua, nilipokuwa nauliza hasa ninauziwa nini.

Anayenunua franchaizi ananunua ruhusa. Anapewa jina, alama na mfumo wa kazi kwa muda uliowekwa na kwa masharti ya mwenye chapa. Mkataba ukiisha bila kuhuishwa, jina linabaki kwa mwenyewe, na mara nyingi wewe unazuiwa kwa kipindi fulani kufanya biashara ya aina ileile maeneo ya karibu. Kwa hiyo nilisoma kwanza vipengele vya kumaliza mkataba, ndipo nikarudi vya mwanzo.

Nchi nyingine zinamlinda mnunuzi. Marekani, mwenye chapa analazimika kumpa mnunuzi waraka wenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya kusaini chochote au kupokea malipo. Ufaransa ni siku 20, kwa sheria ya mwaka 1989. Hata pasipo na sheria kama hiyo, hakuna anayekukataza kuomba. Niliandika barua nikaomba mambo yaleyale: kesi walizo nazo mahakamani, hesabu zilizokaguliwa, makadirio kamili ya gharama za kuanzia, idadi ya maduka yaliyofunguliwa na yaliyofungwa. Kampuni moja ilizungukazunguka bila kujibu, nikaachana nayo. Nyingine ilinitumia kila kitu, pamoja na majina ya waliowahi kuwa na maduka yake wakaondoka.

Hao walioondoka ndio walionifundisha zaidi. Walio ndani bado wana sababu ya kusifia, kwani wengine wanataka kuuza maduka yao. Aliyetoka hana cha kupoteza, ingawa wapo waliobanwa na makubaliano ya kutosema, na ukimya wao nao nikauandika. Niliwauliza walichoahidiwa kuhusu mapato na walichokipata, muda waliokaa kabla ya kuona faida, na kama kuna mtu aliyepokea simu zao mambo yalipoharibika. Mmoja alinieleza jambo ambalo lisingeonekana kwenye jedwali lolote: mrabaha, yaani malipo ya mara kwa mara kwa mwenye chapa, ulikuwa wa kawaida, lakini alilazimika kununua bidhaa kwa msambazaji aliyeteuliwa tu, kwa bei iliyozidi ya soko. Faida yake iliishia huko. Tangu hapo nikadai orodha ya bei za bidhaa kabla ya kuzungumzia ada ya kujiunga.

Kuhusu mrabaha wenyewe, fahamu unakatwa kwenye mauzo, wala hausubiri faida. Tuseme mrabaha ni asilimia 6 na mchango wa matangazo asilimia 2. Katika kila 100 inayoingia, 8 inaondoka, umeuza kwa faida au kwa hasara. Kama baada ya pango, mishahara na bidhaa ungebaki na 10, sasa unabaki na 2, na mkopo wa benki bado haujaguswa. Mhasibu wangu alipiga hesabu hiyo kwa mauzo ya chini kabisa tuliyoyafikiria, na akanitaka nitenge mtaji wa kuzungushia wa miezi ya mwanzo, mbali na ada na vifaa. Ushauri huo ndio uliotubeba.

Kisha mwanasheria. Nilimtafuta anayeijua mikataba ya aina hii, kwa sababu wakili wa kila kitu anaweza kupitiwa na mambo madogo yenye uzito. Mwenye chapa hakukubali kugusa mrabaha, na sikushangaa, maana anataka wote walipe sawa. Lakini eneo langu liliandikwa wazi, na oda za mtandaoni zinazotoka ndani yake zikahesabiwa kuwa zangu. Nilipata pia haki ya kumuuzia mtu mwingine duka kwa idhini ya mwenye chapa, idhini ambayo hawezi kuninyima bila sababu ya msingi. Mwisho tukaulinganisha muda wa pango na muda wa mkataba, ili nisije nikajikuta nalipia jengo baada ya jina kuondolewa ukutani.